Boti ya faiba ya futi 23: nitoe laina yote ya ndani au niiache?

#1 Kaskazi_08
Wakuu salaam. Nimenunua boti ya faiba ya futi 23 pale Kunduchi, ya zamani, ililetwa na wageni waliokuwa wakivua kwa mishipi. Nje ukiitazama iko safi. Ndani ina ile sakafu na kuta nyeupe zilizofinyangwa kipande kimoja, viti na masanduku ya samaki humo humo. Fundi wangu anaiita laina, wengine nawasikia wakisema bodi ya ndani.

Shida ni kwamba ikikaa majini tezi, yaani nyuma, inazama. Alama ya zamani ya maji huku nyuma sasa iko chini ya maji kwa vidole vinne, na hapo haijapakiwa kitu. Nimeipandisha kwenye troli, nikainua omo (mbele), nikafungua kizibo cha nyuma. Yalitoka maji kwa robo saa nzima, rangi yake kama chai ya mkandaa iliyokolea. Leo siku ya tatu bado yanadondoka tone moja moja. Na sakafu karibu na tangi la petroli inabonyea nikiikanyaga kwa kisigino.

Fundi wa kwanza kasema ng'oa laina yote mpaka uone bodi tupu, uanze upya. Wa pili kasema ukiitoa umeiua boti, maana ndiyo inayoishikilia. Wote wawili ni watu wa siku nyingi kazini. Nifuate yupi? Nawasilisha.

#2 Mwana_Tumbatu
Picha, mkuu. Uzi wa boti bila picha ni kusimuliwa pilau.

#3 Fundi_Mtwapa
Karibu. Ngoja nieleze kwanza hiyo kitu iliingiaje mle, maana wengi wanadhani ni pambo.

Kiwandani bodi ya nje inatandikwa kwenye kalibu yake: jelikoti (ngozi laini ya nje) kwanza, kisha mati (nyuzi fupi za faiba) na kitambaa cha kusuka, tabaka juu ya tabaka. Laina inatengenezwa kalibu nyingine. Bodi ikiwa bado wazi, kabla sitaha haijafunikwa, laina inanyanyuliwa na kuteremshwa ndani nzima nzima, inakalishwa juu ya mihimili kwa uji mzito wa resini. Boti nyingi za kuvulia halafu zinamiminiwa povu la maji mawili (dawa mbili zinachanganywa, zinafura) kwenye uwazi uliobaki. Mwisho sitaha inashuka na kufungwa kwa skrubu pembeni. Baada ya hapo hakuna mkono wa binadamu unaofika kule chini.

Sasa hayo maji ya rangi ya chai ni mbao. Mihimili yako ina plaiwudi au ubao katikati, umefunikwa faiba. Maji yakikaa humo ubao unaoza na kutoa rangi. Mimi nakwambia toa. Nimeshafungua boti za aina hiyo hapa kriki, na kila niliyoifungua kwa kiraka kidogo nilikuja kuifungua tena.

#4 MzeeWaTezi
Fundi_Mtwapa umeeleza vizuri kiwanda, ila hukumu umeikata mapema. Laina si za aina moja.

Kuna laina ya sura tu: nyembamba, inaficha nyaya na ukorofi wa faiba. Hiyo toa hata leo jioni. Kuna laina iliyogundishwa na bodi pande zote, imefinyangwa na mifereji yake, yenyewe ndiyo mihimili. Hiyo ukiikata bodi inabaki ganda la yai. Na kuna ya tatu, ya ngozi mbili na povu katikati vilivyoumbwa pamoja. Boston Whaler, kiwanda cha Marekani, wamekuwa wakiunda hivyo tangu 1958, na ndio waliopigwa picha katika jarida la Life mwaka 1961 boti yao inakatwa kwa msumeno katikati huku mtu amekaa ndani, na haikuzama. Kwenye boti ya namna hiyo neno laina halipo kabisa. Ngozi ya ndani ni nusu ya bodi.

Kaskazi_08, chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga sakafu yote kwa mistari, shibiri kwa shibiri. Palipo pazima panalia kavu na juu. Palipoachana panalia kama debe. Palipoloa panalia bubu, kama unagonga mkate. Weka alama kwa chaki, kisha rudi hapa.

#5 Bint_Kizimkazi
Mie nna boti ya kupeleka wageni kuangalia pomboo, na haya yalinifika mwenyewe, kwa hiyo nisikilize kwa hili moja tu.

Boti yangu ilikuwa ya futi 24. Fundi alitoa laina yote kwa siku tisa, kazi safi, bodi ikang'aa. Ilikuwa imekaa juu ya matairi mawili na gogo. Hakuna aliyefikiria kitu. Wiki tatu baadaye tulipotaka kurudisha sitaha, haikukaa. Tulipima pale katikati, ukingo kwa ukingo: bodi imefunguka nje kwa sentimita tatu na nusu. Na chini, pale gogo lilipoegemea, faiba imeingia ndani kama dole gumba limebonyeza unga. Tulivuta kwa kamba na vigingi siku nzima, ikarudi kidogo, na mpaka leo ile boti ikipata mwendo inavuta kushoto.

Kabla hujawasha grainda, ikalishe boti. Mkuku (uti wa chini wa boti) uegemee mbao ndefu, pembeni weka vitanda vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la bodi, vinne au sita, na mazulia ya zamani juu yake. Pigilia mbao za kukingama ukingo kwa ukingo, sehemu tatu. Pima, andika vipimo kwa kalamu ya wino mzito juu ya ukingo wenyewe, maana karatasi hupotea. Usawa pima kwa mpira wa maji, unatosha kabisa.

#6 Fundi_Mtwapa
Bint_Kizimkazi hapo umeniongezea la maana, nilipaswa kulisema mwanzo. Ila kosa lilikuwa la kukalisha, si la kutoa laina.

#7 Bint_Kizimkazi
Ingekuwa laina imo, hata kwenye matairi isingefunguka. Ndiyo nisemayo.

#8 Injinia_Ziwani
Niko Mwanza. Naomba nipinge kidogo kuhusu maji. Kila mtu hapa atadhani ni bahari inayoingia. Huku ziwani nimeona boti zinaoza mihimili haraka kuliko za pwani, na sababu ni kwamba kuvu wa kuozesha mbao anapenda maji baridi yasiyo na chumvi. Hayo maji ya chai, Kaskazi_08, yaonje kwa ncha ya ulimi halafu utemee mbali. Kama hayana chumvi ni ya mvua, yanaingilia juu: skrubu za viti, mfuniko wa sanduku la nanga, shina la reli. Hapo hata ukibadilisha mihimili yote bila kuziba sitaha, baada ya masika mbili unarudi humu kufungua uzi mwingine.

#9 Mwana_Tumbatu
Injinia anatuonjesha maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti. Wazee wetu walitia shifa la papa kwenye mbao, nyie mnaonja.

#10 Injinia_Ziwani
Onja au usionje, chumvi haidanganyi.

#11 MzeeWaTezi
Chumvi inadanganya. Maji ya bahari yakiingia kidogo na ya mvua mengi, utaonja yasiyo na chumvi na huku chini kuna ufa. Mimi shaka yangu kubwa iko tezini. Ule ubao wa kufungia mashine umetobolewa bolti nne za mashine, bolti za kipimo cha kina, bomba la kizibo. Kizibo chenyewe ndicho chanzo mara nyingi: tundu limetobolewa kwenye plaiwudi, likawekwa bomba la shaba bila kuzungushiwa resini. Maji yanaingia kwenye ubao, yanapanda kama mafuta kwenye utambi, yanaingia mihimili kutoka nyuma kwenda mbele. Mtu anaona sakafu inabonyea katikati, ugonjwa ulianzia tezini.

#12 Kaskazi_08
Shukrani nyote. Mrejesho: nimegonga. Kati ya viti viwili na nyuma ya tangi panalia bubu, upana wa kama mlango. Pembeni kote panalia kavu. Omo kuna sehemu mbili za debe. Nimeonja pia (Mwana_Tumbatu nisamehe): chumvi ipo kwa mbali sana, kama uji uliosahauliwa kutiwa.

#13 Mbweni_Pwani
Kabla ya lolote: TANGI. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala ngama, na laina inaufunika vizuri kama sufuria. Cheche moja ya grainda inatosha. Toa tangi, toa mipira yake yote, fungua vizibo, acha upepo upite siku kadhaa, na kata betri. Usijiambie kwamba husikii harufu. Pua inazoea.

#14 Rafiki_wa_Solent
Habari zenu, nawasoma kutoka kusini mwa Uingereza, nimefanya kazi kwenye yadi za boti huku. Kuna ajali moja inayohusu swali hili hasa, na jina lake lina neno letu. Mashua ya matanga Cheeki Rafiki, 2013, ilikuwa inakwenda Antigua, ikapoteza mkuku katikati ya Atlantiki na watu wanne wakafa. Ndani ilikuwa na fremu ya faiba iliyofinyangwa na kugundishwa kwenye bodi, jamaa wa karibu wa laina. Wachunguzi wa ajali za majini wa huku, MAIB, walieleza kwamba gundi kati ya fremu hiyo na bodi inaweza kuachia na isionekane kwa macho, hasa boti ikiwa imewahi kugusa mchanga au mwamba.

Kwa hiyo MzeeWaTezi yuko sahihi kwamba laina inaweza kuwa ndiyo nguvu ya boti. Na Fundi_Mtwapa yuko sahihi kwamba inaficha ugonjwa. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

#15 Injinia_Ziwani
Sahihisho dogo kwa heshima: ilikuwa Mei 2014, na ilikuwa inatoka Antigua kurudi Uingereza. Ripoti ilitoka 2015.

#16 Rafiki_wa_Solent
Kweli, asante. Nilichanganya mwaka na safari. Mengine yanabaki.

#17 Mjukuu_wa_Mwunda
Nikisoma hivi namkumbuka babu. Jahazi ukishuka ndani unaona mataruma (mbavu) yote, unaona msumari, unaona kalafati ilipolegea, unaichokoa na kutia pamba mpya yenye mafuta. Hakuna kilichofichwa. Ubao ukioza unatoa huo mmoja. Hizi boti za faiba zimejengwa na mtu aliyefikiri hazitafunguliwa kamwe.

#18 Pate_Mashariki
Babu yako angependa Flipflopi. Jahazi la plastiki iliyookotwa, liliundwa kwetu Lamu na kushushwa 2018, likafunikwa kandambili, mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Na waliliunda kwa mtindo ule ule wa mataruma na mkuku, kila kipande unakiona. Mafundi walikuwa wanakata plastiki kwa zana za useremala.

#19 Mwana_Tumbatu
Mnahama uzi. Mtu ana boti inazama tezi hapa.

#20 Sur_Bahari
Mie niko Sur, Omani. Boti ndogo za uvuvi nilizofanyia kazi hapa hazina laina. Faiba nene, mihimili imefunikwa, sakafu ya kufungua kwa skrubu. Ukitaka kuona ngama unanyanyua ubao. Kwa nini msitoe hiyo kitu na kuacha wazi namna hiyo hiyo?

#21 MzeeWaTezi
Kwa sababu hizo zilitandikwa nene tangu mwanzo, kwa kujua kwamba hakutakuwa na kitu ndani. Bodi ya mwenye uzi huenda ni milimita sita pembeni. Kiwanda kilipunguza tabaka kwa kuhesabia laina. Ukiitoa lazima uongeze tabaka au mihimili. Hapo ndipo gharama inapokaa, kukata ni kazi ya wiki moja tu.

#22 Fundi_Mtwapa
Na hapo ndipo mimi nasema afadhali kulipa mara moja. Hebu tupige hesabu ya povu. Tuseme chini ya sakafu kuna lita 300 za povu. Likiwa kavu, la kawaida lina kama kilo 32 kwa meta moja ya ujazo, kwa hiyo lote halifiki kilo 10. Nusu ya uwazi wake ikijaa maji unabeba kilo 150 zisizoshuka bandarini. Hao ni watu wawili wazima wamelala tezini kila siku, na mafuta yao unalipa wewe. Vidole vinne vyako vimetoka hapo.

#23 Bint_Kizimkazi
Lakini povu lile likiwa kavu, meta moja ya ujazo inabeba zaidi ya kilo 900 boti ikijaa maji. Mie na wageni kumi na mbili silitoi. Nilirudisha povu jipya.

#24 Fundi_Mtwapa
Mimi sirudishi. Naweka matangi ya hewa yaliyofungwa, au madumu mazima yaliyobanwa kwa mikanda, ili kesho niweze kuyatoa nikague.

#25 Mbweni_Pwani
Dumu likipasuka siku ya dhoruba hakuna wa kukagua. Povu likipasuka bado ni povu.

#26 Sur_Bahari
Povu linalokunywa maji miaka ishirini nalo utaliita povu?

#27 Rafiki_wa_Solent
Mkubaliane au msikubaliane, liwe povu au dumu, acheni mfereji chini yake. Makosa mengi niliyoyaona ni povu kumiminwa mpaka chini kabisa, likaziba njia ya maji kwenda ngama. Bomba la plastiki la inchi mbili lililopasuliwa nusu, likafunikwa kwenye mkuku kabla ya kumimina, linatosha. Na vitobo vya kupitisha maji kwenye kila kiambaza (ukuta wa kukingama ndani ya boti), vipakwe resini ndani ya tundu, si kutobolewa na kuachwa ubao mtupu.

#28 Neema_Faiba
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyegusa afya zaidi ya petroli. Nafanya kazi ya faiba, naandika kwa uchungu kidogo.

Usikate faiba bila barakoa yenye vichujio, ile ya kitambaa haikusaidii kitu kwa vumbi lake. Funga mikono ya shati kwa utepe kwenye glavu. Ukimaliza oga maji ya BARIDI kwanza, ya moto yanafungua ngozi na nyuzi zinaingia zaidi. Ukitandika resini ya poliesta, mvuke wake nao ni mzito, unajaa ndani ya bodi kama maji kwenye karai na wewe umeinama humo. Weka feni inayovuta kutoka chini, si inayopuliza juu.

Na hadina, ile dawa ya kugandisha resini. Mwenzangu mmoja ilimrukia tone kwenye jicho. Tone. Tulimlaza chini, tukammiminia maji ya dumu robo saa bila kusimama, analia tumwache na hatukumwacha, kisha hospitali. Anaona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo sipimi hadina bila miwani, hata kama ni kijiko. Na kama resini yenu mnatia kobalti (ya kuharakisha kuganda) wenyewe, changanyeni kobalti na resini kwanza, hadina baadaye. Hivyo viwili vikikutana peke yake vinawaka au kulipuka.

#29 Kaskazi_08
Neema asante sana. Miwani nimenunua leo.

Swali: wakati wa kurudisha, resini ya epoksi au ya poliesta? Fundi wa kwanza anasema boti ni ya poliesta kwa hiyo poliesta. Dukani naambiwa epoksi.

#30 Fundi_Mtwapa
Poliesta, kwa mati. Ni bei nafuu na ndiyo iliyomo.

#31 Neema_Faiba
Epoksi kwa viungo vyote vinavyogusa bodi ya zamani. Poliesta mpya juu ya iliyokwisha kukauka haiungani nayo tena kama siku ya kwanza, inashika kama gundi tu, na epoksi ni gundi bora kuliko hiyo. Juu ya epoksi usirudi tena na poliesta, itakuachia.

#32 Rafiki_wa_Solent
Nyongeza: ukichagua epoksi usitumie mati ya kawaida. Zile nyuzi fupi zimeshikwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye poliesta. Kwenye epoksi haiyeyuki vizuri, mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona. Tumia kitambaa kilichoshonwa.

#33 Fundi_Mtwapa
Boti ya zamani ilidumu miaka mingi kwa poliesta juu ya poliesta na mati. Kinachoua kiungo ni uvivu wa msasa. Futa nta yote kwa asetoni, sugua kwa namba 40 mpaka paonekane pamekwaruzika na hapang'ai popote, ondoa vumbi, tandika siku hiyo hiyo. Hadina weka asilimia moja hadi moja na nusu. Kwa joto la Januari ukitia mbili na tabaka nene, ndoo inaanza kutoa moshi mkononi. Imeshanitokea, nikaitupa mchangani inachemka.

#34 Neema_Faiba
Kuhusu msasa nakuunga mkono mia kwa mia. Kuhusu lingine hapana. Na epoksi ikikauka huku kwetu kwenye unyevu inatoa utando kama sabuni. Uoshe kwa maji na kisugulio kabla ya tabaka la pili, usiufute kwa asetoni.

#35 MzeeWaTezi
Kitu kingine ambacho mafundi wetu wanakikosea: ubao mpya usikae moja kwa moja juu ya bodi. Wimbi likipiga, bodi inacheza kidogo, na pale ukingo wa ubao ulipogusa panakuwa kama kisu, faiba inapasuka mstari ulionyooka. Acha nafasi ya nusu sentimita, tia kipande cha povu, kisha jaza kona kwa resini iliyokorogwa na unga wa kujazia mpaka iwe kama siagi ya karanga. Izungushe kwa kijiko ipate duara, ndipo utandike faiba juu.

#36 Injinia_Ziwani
Hilo la nafasi kwa viambaza sawa. Kwa mihimili ya urefu mimi nakalisha juu ya uji wa resini wenyewe, bila povu. Haijawahi kunipasukia.

#37 MzeeWaTezi
Ziwani hamna mawimbi ya kusi.

#38 Injinia_Ziwani
Mzee, njoo Ukerewe mwezi wa saba halafu uandike hivyo tena.

#39 Kaskazi_08
Mrejesho mrefu, nimekawia kwa sababu ya kazi.

Nimefuata Bint_Kizimkazi: boti iko kwenye vitanda sita, mbao tatu za kukingama, vipimo nimeandika juu ya ukingo. Tangi limetoka, siku nne za upepo. Kisha nikatoboa matundu ya milimita 6 kwenye sakafu, nimezungushia utepe kwenye keekee isizame zaidi ya inavyotakiwa, nikawa naangalia makapi yanayotoka.

Matundu ya omo: makapi meupe, makavu, ya povu, yanapeperuka. Ya pembeni: makavu. Ya katikati: kahawia, yanashikana kidoleni, yananuka kama jani lililooza kwenye mtungi. Nyuma ya tangi, tundu la mwisho, maji yalipanda yenyewe na kusimama kwenye tundu.

Jana nikafungua dirisha, upana wa mlango, diski nimeipimia isipite unene wa laina. Nimeacha mdomo wa sentimita 10 pande zote ili niwe na pa kuungia. Kipande kilitoka kizima, milimita nne tu unene. Chini povu la manjano, nikilikamua linatiririka kama sponji. Nimelitoa kwa mikono, mifuko saba ya saruji. Mhimili wa kushoto umeoza, naingiza bisibisi mpaka kwenye mpini. Wa kulia ni mkavu na mgumu kabisa. Yaani uko sentimita 60 kutoka kwa mwenzake.

Na hapo kichwa kimeniuma. Kama ni tezi, kwa nini mmoja tu?

#40 MzeeWaTezi
Kizibo kiko upande gani?

#41 Kaskazi_08
Katikati, mzee.

#42 Injinia_Ziwani
Kiti cha nahodha kiko upande gani? Skrubu za kiti zinaingia mhimilini.

#43 Kaskazi_08
Kulia. Upande mkavu.

#44 Sur_Bahari
Ilikuwa inaegeshwa vipi kwa mwenyewe wa zamani? Ikilala kushoto ufukweni kila maji yakitoka, maji yote ya ndani yanajikusanya huko.

#45 Mbweni_Pwani
Au bomba la kujazia petroli liko kushoto, na mfuniko wake wa sitahani umepoteza raba. Mvua inafuata bomba moja kwa moja mpaka chini.

#46 Kaskazi_08
Bomba liko kushoto kweli.

#47 Fundi_Mtwapa
Acha kubahatisha. Nunua rangi ya chakula nyekundu, kaushia ngama, mimina maji yenye rangi juu kwenye mfuniko wa petroli, kaa usubiri. Kesho yake rangi ya kijani kwenye sanduku la nanga. Jaribu sehemu moja kwa siku.

#48 Bint_Kizimkazi
Na tezi jaza maji kwa ndani, ngama mpaka usawa wa bolti, uangalie nje. Maji yakitoka nje yalikuwa yanaingia pia.

#49 Kaskazi_08
Matokeo, wakuu.

Mfuniko wa petroli: nyekundu ilifika chini kwa dakika 40, kushoto. Nikashangilia. Sanduku la nanga: kijani nayo imefika, usiku kucha, lakini imetokea katikati. Tezi: bolti ya chini ya kulia inatoa jasho kwa nje, tone kwa kila dakika mbili hivi. Kulia, ambako mhimili ni mkavu.

Kwa hiyo zote tatu zinavuja.

Uamuzi wangu kwa sasa: nakata sakafu yote ya kati, kutoka tezi mpaka kiti cha mbele. Kuta za pembeni za laina na masanduku nayaacha yamegundishwa kama yalivyo, yanalia kavu. Nabadilisha mhimili wa kushoto. Wa kulia nautoboa sehemu tatu zaidi kabla sijauamini.

#50 Fundi_Mtwapa
Utafungua na pembeni, ndugu yangu. Si mwaka huu. Ila umefanya kazi ya kiungwana.

#51 MzeeWaTezi
Hatafungua. Na ule mhimili wa kulia usiubadilishe kwa kuwa tu mwenzake ameoza.

#52 Neema_Faiba
Kipande cha sakafu ulichokitoa kizima kihifadhi kivulini kimelala bapa juu ya mbao. Ukikiegemeza ukutani juani kitapinda, na ndicho kifuniko chako.

#53 Kaskazi_08
Kimeegemea ukutani tangu juzi. Natoka sasa hivi kukilaza.